Muuza kahawa wa Salma hachoki kusalimia

Alhamisi jioni, Kariakoo. Wingu zito tangu asubuhi. Mvua ya vuli inatishia tu, hainyeshi. Gauni limenigandia mgongoni na feni inazungusha joto lile lile.

Nina wivu.

Naliandika neno hilo mapema kwa sababu najijua. Nikiachiwa nafasi nitalivika koti. Nitasema ni uchungu wa msanii, ni msimamo, ni kutetea ubora wa kazi. Miaka yote ya blogu hii nimewavua watu makoti ya namna hiyo hadharani, na sikuwahi kuona haya. Leo zamu yangu, na hakuna atakayenivua kama sijajivua.

Wivu wenyewe una jina, na jina lake ni Salma.

Kwa msomaji asiyetujua: mimi na Salma tulikaa dawati moja sekondari. Mimi binti wa Mchaga mwenye duka la jumla la vyombo mtaa huu huu ninamoandikia, yeye binti wa Magomeni, nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele na ndugu wasiohesabika ndani. Tulipofikia umri wa kutosikiliza ushauri wa mtu, tukatengeneza gemu. Inaitwa Mzigo. Mchezaji ni mchukuzi anayevuta mkokoteni katika soko linalofanana na hili lililo chini ya dirisha langu. Anabeba, anafikisha, anagombana na wenye maduka, na polepole anagundua kuna mtu anataka kuliuza soko zima kimyakimya.

Hadithi niliandika mimi. Umati niliujenga mimi. Na niseme bila kupepesa: ule umati ndio kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani. Kila mtu mle ndani ana safari yake. Yule mama mwenye beseni la maandazi anatoka mahali, anakwenda mahali, na ukimgonga na mkokoteni anakutukana tusi lake mwenyewe ambalo halifanani na la jirani yake. Nilikaa na matusi yale kwa mapenzi, kama wengine wanavyokaa na mashairi.

Tatizo ni kwamba umati ule ulihitaji kompyuta yenye nguvu. Kompyuta kama hizo wanazo wachache. Vijana wa mji huu, na watu wazima wengi pia, wanacheza kwenye mabanda ya gemu, kwenye mashine za zamani zilizokwisha pita mikono mingi, zenye feni inayolia kama cherehani bovu. Wakaanza kuuliza: na sisi je? Mzigo inakuja lini huku kwetu?

Nikajaribu kuihamisha. Nikashindwa.

Ilikuwa ikitembea hatua mbili inasimama, hatua mbili inasimama, kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Nikipunguza vivuli, inakwama. Nikipunguza madimbwi, inakwama. Mashine ya zamani ina kumbukumbu finyu. Haiwezi kubeba mtaa mmoja wa Kariakoo na watu wake wote, sembuse mtaa na ule unaofuata. Na ukiiambia ibomoe mtaa wa nyuma ndipo ijenge wa mbele, mchezaji anabaki anatazama skrini nyeusi kwa muda wa mtu kwenda kununua vocha na kurudi.

Basi nikafanya ninachofanya nikishindwa. Nikaandika makala. Mnaikumbuka, maana mliisambaza sana: niliiita "Kabati la mninga haliingii chumba kimoja". Nikasema kuhamisha gemu nzito kwenda mashine dhaifu ni sawa na kuhamisha kabati la baba yako kutoka nyumba kubwa kwenda chumba cha kupanga. Utavunja mlango au utavunja kabati. Nikazitaja zile gemu za wakubwa wa nje zinazohamishwa kwa tamaa na kutufikia hazina sura, hazina kasi, kama suruali ya mtumba iliyokatwa miguu kwa kisu cha samaki. Nikamalizia kwamba atakayesema Mzigo inaweza kuhama na kubaki Mzigo anauza maneno.

Mlipiga makofi. Nilifurahi kwa wiki nzima.

Salma aliisoma. Hakuandika makala ya kujibu, hata maoni hakuweka. Alikuja dukani, akasalimia kila mtu mmoja mmoja kama kawaida yake, hadi mlinzi, akaniambia kitu kimoja tu.

"Shoga, makabati yana skrubu."

Kisha akaacha kazi yake ya kufundisha chuoni, akajifungia Magomeni na gemu yetu.

Sasa nieleze alichofanya, na nitaeleza kwa haki ingawa meno yananiuma.

Kwanza alitundika vitenge. Ndiyo, vitenge. Mle kwenye gemu, kila uchochoro sasa una nguo zilizotundikwa juu na pembeni, kama zilivyo mitaa yetu kweli. Macho hayafiki mbali. Na kisichoonekana mashine haina haja ya kukichora. Nyuma ya kitenge hakuna kitu, ni ukuta mtupu, lakini zinasikika sauti: mtu anaita bei, mwingine anacheka, redio inalia. Mchezaji anaapa kwamba kuna watu mia nyuma ya ile nguo.

Umati wangu aliupunguza akabakisha wachache. Yule mama wa maandazi yupo. Wengi wa wenzake hawapo.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Kinachoniuma ni muuza kahawa.

Kila unapofika kwenye mdomo wa mtaa mpya, kuna mzee amekaa na birika na vikombe vyake. Anakuona, anagonga vikombe, anakusalimia. Habari za tangu jana? Unabonyeza kitufe, unajibu: nzuri. Za nyumbani? Unabonyeza: salama. Mama hajambo? Hajambo. Na wakati ninyi wawili mnasalimiana, mashine huku nyuma inabomoa mtaa ulikotoka na kujenga unakokwenda. Mtaa ukiwa tayari, mzee anasema, "Haya, tusichelewane," na njia inafunguka. Hakuna skrini nyeusi. Hakuna kungoja. Mtu hajui kwamba amengojeshwa, kwa sababu salamu si kungoja.

Na sikilizeni uhuni wake huyu mwanamke: mashine ikiwa nyepesi, mzee anauliza mambo mawili. Mashine ikiwa imechoka, anaendelea. Watoto? Shemeji? Yule mgonjwa wenu amepata nafuu? Nimesikia kuna mashine moja kule Buguruni ambayo mzee huwa anafika hadi kuulizia mavuno.

Sauti ni ya mjomba wake Salma, yule anayekaa barazani. Hakufundishwa uigizaji. Alisalimia tu.

Nimesoma vitabu vingi. Nimesoma jinsi wataalamu duniani wanavyoficha kungoja: lifti zinazopanda polepole, milango mizito, ukungu. Mimi ndiye ninayesoma, Salma hasomi hata nusu yangu. Mbona wazo hili halikunijia mimi?

Najua kwa nini halikunijia. Kwetu dukani salamu ilikuwa, "Karibu, unataka nini?" Baba alisema salamu ndefu inapoteza mteja wa pili. Mimi nimekua nikiziruka salamu kama mtu anavyoruka dimbwi. Salma amekua ndani yake.

Leo mchana tulikwenda kuijaribu kwa mara ya mwisho, kwenye banda la Rama. Rama ni jirani yangu wa ghorofani, ana mashine kadhaa za zamani na mabenchi, na wateja wake wengi ni wachukuzi wanaopanda kupumzika wakishateremsha mizigo. Kesho asubuhi Salma anatakiwa kuituma kwa wakaguzi wa kampuni iliyotengeneza mashine hizi. Wakiikubali, itatoka kabla ya sikukuu. Wakiikataa, inarudi mwisho wa foleni, na foleni hiyo haina huruma.

Tulipoingia, wote waliinuka. "Shikamoo Bi Salma! Shikamoo mama!" Kisha, wakakumbuka. "Na wewe Dada Manka, shikamoo." Niliisikia ile "na".

Aliyeshika pedi ya kuchezea alikuwa Shabani, mvuta mkokoteni mwenye mdomo ambao hata mimi nauheshimu. Anamtukana dereva, mwenye mzigo, jua, na barabara, kwa mpangilio huo. Akafika kwenye mdomo wa mtaa wa tatu, mzee akagonga vikombe.

"Habari za tangu jana?" ikauliza mashine.

"Nzuri mzee wangu," akajibu Shabani kwa mdomo, na kidole kikabonyeza.

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo mzee, anakusalimia sana."

Rama akapaza sauti kutoka mlangoni. "Shabani, mke wako mwenyewe hujamsalimia tangu juzi, unamsalimia mtu wa kwenye gemu?"

"Huyu nikimsalimia anafungua mtaa," akasema Shabani bila kugeuka. "Yule nikimsalimia anafungua kesi."

Banda zima likaanguka kicheko. Salma alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikatabasamu kwa meno tu.

Nilingoja mtu aseme kitu kuhusu umati. Nilingoja mmoja wao aseme, mbona watu wamepungua, mbona yule wa pale hayupo? Badala yake Shabani akasema, "Watu ni wengi humu jamani, kama mwezi wa Ramadhani!" Umati wangu haukuwepo, na hakuna aliyeuulizia.

Wasomaji wangu, sijui kama mmewahi kuona mtu anasifiwa kwa kuwaondoa ninyi.

Adhana ya alasiri ikalia. Salma akajifunga mtandio vizuri, akaniambia, "Shika hapo, narudi sasa hivi," akashuka kwenda kuswali. Shabani na wenzake nao wakafuata. Rama alikuwa nje anabishana na mtu wa umeme. Nikabaki peke yangu na pedi na yule mzee wa kahawa.

Nikatembeza mkokoteni hadi kwenye mdomo wa mtaa.

"Habari za tangu jana?"

Sikujibu. Sikuwa najaribu kitu chochote cha kitaalamu, nisijitengenezee sifa. Nilikuwa nimekasirika tu. Nilimtazama mzee yule na kusema moyoni, wewe leo hunipati.

"Za nyumbani?"

Kimya.

"Mama hajambo?"

Kimya.

Akaendelea. Watoto, shemeji, mgonjwa. Na hapo nikaona picha inaanza kusuasua. Vitenge vikaacha kupepea. Mzee akafungua kinywa kuuliza la kumi sijui la ngapi, na akabaki hivyo hivyo, kinywa wazi, birika mkononi. Mashine imeganda. Nikabonyeza huku na huku. Imekufa.

Nilielewa papo hapo, maana nusu ya gemu hiyo ni mkono wangu. Jibu la mchezaji ndilo linaloiambia mashine: sasa bomoa mtaa wa nyuma. Bila jibu, mtaa wa nyuma unabaki umesimama, wa mbele unaendelea kujengwa, kumbukumbu inajaa, kwisha habari.

Na nilielewa jambo la pili, zuri zaidi. Hakuna aliyeliona. Salma ameijaribu gemu hii kwa miezi na ndugu zake wote, majirani wote, wateja wote wa Rama. Watu wazima, vijana, wakorofi, walevi. Hakuna hata mmoja aliyemwacha mzee wa watu anasalimia peke yake. Hata Shabani! Haikumjia mtu yeyote Magomeni wala Kariakoo kwamba salamu inaweza kukosa jibu, kwa hiyo haikumjia Salma kuandaa cha kufanya ikikosa.

Isipokuwa mimi.

Na wakaguzi. Wakaguzi wa ile kampuni kazi yao ndiyo hiyo: wanaweka pedi mezani, hawagusi kitu, wanakwenda kunywa chai, wakirudi wanatazama kama gemu iko hai. Wataikataa siku ya kwanza.

Nilifurahi. Hapa ndipo ninapotaka msome taratibu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake. Niliwaza makala yangu ya kabati. Niliwaza Salma anasoma barua ya kukataliwa, na mimi nimekaa kimya karibu naye kwa ile huruma tamu ya aliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Nikazima mashine, nikaiwasha upya, nikamrudisha mzee mahali pake na kinywa chake kimefungwa.

Salma akarudi, uso bado una maji ya udhu. "Umeionaje, shoga?"

"Iko vizuri," nikasema.

Basi. Maneno mawili. Nikamsindikiza hadi kituoni. Njiani alisimama kusalimia watu, nami nikasimama pembeni naangalia saa, kama siku zote.

Sasa niko mezani kwangu na najaribu kujitetea. Nina ufundi wa kutosha kutetea chochote. Naweza kusema sikuombwa kukagua. Naweza kusema fundi anatakiwa kujua kazi yake. Naweza hata kusema kwamba gemu ikikataliwa tutapata muda wa kurudisha umati, na itakuwa bora, na siku moja atanishukuru. Hii ya mwisho nimeiandika mara tatu na kuifuta, maana ni tamu mno kuwa kweli.

Nimetumia nusu ya maisha yangu kuwaandama watu wanaojua ubovu na kukaa kimya kwa sababu unawafaa. Niliwaita majina. Baadhi ya majina hayo bado napenda jinsi yalivyokaa.

Naacha kuandika hapa. Nampigia.

*

Nimempigia.

Nilikuwa nimepanga sentensi yangu, fupi, ya kutolewa kwa pumzi moja kabla ujasiri haujaisha. Akapokea, na kabla sijafungua mdomo:

"Manka! Habari za tangu mchana?"

"Nzuri. Salma, sikia..."

"Umefika salama lakini? Za dukani?"

"Salama."

"Mama yako presha imeshuka?"

"Imeshuka. Anakusalimia." Na nikagundua kwamba kweli mama alikuwa ameniambia nimsalimie, asubuhi, na sikuwa nimeifikisha.

"Alhamdulillahi. Haya, sema shoga."

Nikasema. Mzee, kimya changu, mashine kuganda. Upande wa pili nikasikia watoto wanapiga kelele barazani kwao.

"Umeligundua saa ngapi?"

"Ulipokwenda kuswali."

"Na niliporudi ukaniambia iko vizuri."

"Nilikuambia."

Nilikuwa na maneno mengi, nikayaacha.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, na sikuweza kujua kama sauti ile ni ya hasira au ya nini, "mzee wa watu kakuuliza habari ya mama yako, na hukumjibu?"

"Hata ya shemeji."

"Manka, ungekuwa jirani yangu ningehama."

Alivuta pumzi. Akasema kurekebisha si kazi ya usiku kucha: ikipita muda bila jibu, mzee ataacha kuuliza, mtaa wa nyuma utabomolewa hivyo hivyo, mtu atapita. Lakini lazima mzee aseme neno. Hawezi kunyamaza tu, mtu ameshamsalimia mwenzie. Mjomba anakwenda kuswali magharibi, akitoka msikitini atarekodi.

"Hilo neno andika wewe," akasema. "Mimi sijui mtu asiyejibu salamu anastahili kuambiwa nini. Wewe ndiye unayejua."

Akakata. Hakuaga. Salma, ambaye kuaga kwake huchukua muda kuliko ziara yenyewe, hakuaga.

Basi nimekaa na karatasi. Nimeandika matusi kwanza, bila shaka. Ndiyo kazi yangu. Nimemfanya mzee aseme, "Ulimi umeuacha rehani?" Nimemfanya aseme, "Hata mbuzi hulia akiitwa." Mazuri yote, makali, yangu kabisa. Nikayasoma kwa sauti ya mjomba yule, na hayakukaa. Mzee yule hana mdomo huo. Amekaa pale na birika lake siku nzima anasalimia watu asiowajua, na wote wanamjibu, kisha nafika mimi.

Mwishowe nimeandika hivi: "Haya, pita mwanangu. Nyumbani wasalimie."

Ni mstari mmoja. Umati wangu wote umeondolewa na nimerudishiwa mstari mmoja, na bado namwonea wivu, nisiwadanganye. Mstari ukipendwa watasema ni wa mzee wa Salma. Kesho asubuhi gemu ikienda, itakwenda na vitenge vyake, na mjomba wake, na akili yake.

Nimemtumia. Adhana ya magharibi imekwisha lia na mvua hatimaye imeanza kunyesha, matone makubwa, watu wa chini wanakimbiza maturubai. Ameusoma, naona alama. Hajajibu. Nimekaa na simu mkononi kama yule mzee na birika lake.